Wazimu wa Gharib na Wangu

Jumatatu, 1 Machi 1954

Mashua ya Ridhwani imeleta Siyu barua mbili za serikali. Moja ya Gharib, moja yangu. Yake imesema vita vya Mjapani huko Bama vimemharibu akili, thelathini kwa mia, na atapata pensheni mpaka afe. Yangu imesema daktari amenipima na kuniona sina neno. Akili timamu. Ombi limekataliwa. Nikitaka kupinga, niende ofisini mjini Amu kabla ya mwezi kwisha.

Timamu! Mimi niliyewapikia askari wa keya wali kwa maji ya mvua miaka miwili. Gharib tulikuwa naye kombania moja, namjua. Alikuwa mchunga nyumbu. Bunduki aliibeba kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani. Leo amekaa barazani pake, watu wanapanga foleni kumpa mkono, naye anaitikia kwa unyonge kama bwana harusi.

Mke wangu, Mwanamkisi, ametazama barua zote mbili. Amesema ya Gharib ina muhuri mzuri zaidi.

Jumanne, 2 Machi

Nimefikiri. Daktari hakuamini kwa sababu hapakuwa na mashahidi. Basi niwape watu wa Siyu cha kushuhudia.

Asubuhi nimevaa koti la jeshi juu ya kikoi, nimesimama njia panda, nimempigia saluti punda wa Gharib. Nimemuuliza hali za wazee wake. Nimemngoja ajibu. Watu wamepita. Mmoja kasema nisimsumbue, huyo punda ni mgeni mji huu, hajazoea maneno mengi. Mwingine kaniuliza makubadhi yake nitamaliza kuyashona lini, maana tangu mfungo sita anatembea peku. Hakuna aliyeshtuka. Hiyo ndiyo hasara ya kufanya mizaha miaka hamsini. Siku ukitaka kuwa mwendawazimu kwa dhati, watu wanasema leo Yunusi hajambo.

Gharib katoka nje. Kanishukuru kwa kumheshimu mnyama wake.

Aliyeshtuka ni Mwanamkisi peke yake. Alitaka kumwita Bi Alawiya aje anipunge pepo. Nimemkataza kabisa. Pepo akipanda kichwani na kujitaja kuwa ni wa hapa Siyu, serikali itasema si wa Bama, na kesi imekwisha.

Alhamisi, 4 Machi

Nimekwenda Amu. Karani wa ofisi ni Jaafar, kijana wa mjini, kofia yake imenyooka na maneno yake yamenyooka. Amefungua faili langu na kunisomea alivyoandika daktari.

Daktari aliniuliza habari za nyumbani. Nikajibu njema. Habari za usingizi? Njema. Chakula? Alhamdulillahi. Habari za tangu vita? Salama, wasiwasi wetu ni wewe tu, bwana. Moyo je, hauna fadhaa? Moyo u salama, sijui wako. Chini ameandika: mzee mchangamfu, hana malalamiko yoyote.

Nimemuuliza Jaafar: mtu mgeni akikuuliza habari, nawe umekaa kwenye kiti chake, utamjibuje? Utamlilia kabla hajamaliza salamu? Mama yangu hakunilea hivyo. Marehemu baba aliulizwa hali siku ya kufa kwake, akajibu njema, ndipo akafa. Jaafar amesema amefahamu, na lau ni yeye angejibu vivyo hivyo, lakini karatasi haina adabu.

Nimemuuliza, je, Gharib yeye alijibuje? Amesema haruhusiwi kusoma faili la mtu mwingine. Halafu ameufunga mlango na kusema kwa sauti ndogo kwamba Gharib alipoulizwa habari alinyamaza, kisha akalia.

Akalia! Mbele ya Mzungu, mchana kweupe. Hana haya hata kidogo. Na mimi mjinga sikuliwaza hilo.

Ili kumpinga daktari nahitaji mambo matatu. Nipimwe na daktari mwingine, atafika tarehe kumi na tano. Barua ya mtu wa nyumbani kwangu. Na barua ya askari aliyekuwa nami Bama, aliyeona kwa macho yake.

Ijumaa, 5 Machi

Nimeanza na barua ya nyumbani. Nimemwambia Mwanamkisi aseme kwamba natupa vitu na kubweka. Amesema hatasema uongo, mimi niandike tu atakayoyasema. Akasema hivi: mume wangu tangu arudi hawezi kuona sahani ya mtu ina chakula. Mgeni akija, husimama juu yake mpaka amalize. Harusi ya Radhiya, binti wa jirani, alizunguka sinia zote za wanaume akiwahimiza kula, kuleni, kuleni kabla hakijapoa, hata akalia machozi, ikabidi wamtoe nje.

Nimemweleza kwamba huo si wazimu, huo ni ukarimu. Amenisogezea wino. Nimeandika alivyosema. Mwishoni nimeongeza kwamba pia hubweka. Akaniambia nisome nilichoongeza. Nimefuta.

Msikitini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Gharib amesogezwa safu ya mbele, ubavuni mwa imamu, na baada ya sala ameombewa dua ndefu kwa jina lake na la mama yake. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo. Miguu yake niliiona. Amevaa makubadhi niliyomshonea mimi.

Nimerudi nyumbani na kuandika barua nyingine, kwa mkono wa kushoto ili nisijulikane. Bwana Mkubwa, Gharib hana wazimu. Alichunga nyumbu. Anacheza bao na kushinda. Vita hakuviona. Neno lake lolote lisiaminiwe. Ni mimi, Mpenda Haki. Nimempa Ridhwani aipeleke Amu kesho, kisha nimelala alasiri usingizi mtamu ambao sijaupata tangu Jumatatu.

Jumapili, 7 Machi

Nimekwenda Chundwa kwa miguu kumtafuta Famau. Tulikuwa sote jikoni Bama. Nilimtaka aandike kwamba aliniona vitani nikiharibika.

Amesema angependa, lakini wiki ile ya kilimani yeye alikuwa kitandani, homa. Aliyenishusha kilimani ni Gharib, sikumbuki? Nimesema nakumbuka. Sikumbuki.

Ameniletea muhogo wa nazi, naye akachukua wake. Kaanza kuzungumza, kaacha kula. Nimemwambia ale. Amesema atakula. Nimemwambia ale sasa. Ameniangalia sana, kisha akasema, ndugu yangu Yunusi, kaa kwanza. Ndipo nikajua nilikuwa nimesimama.

Njia yote ya kurudi nimemlaumu Famau. Homa gani hiyo ya kuchagua wiki.

Jumatatu, 8 Machi

Hakuna budi, ni Gharib. Nimemchukulia makubadhi mapya ya kumlainisha. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumzungusha mpaka akubali bila kujua ananifaa.

Hakuningoja niyaseme. Ameinua ukingo wa jamvi na kutoa karatasi. Ameiandika siku ile ile barua zilipokuja, aliposikia yangu imekataliwa. Amesema alikuwa akiona haya kunipa, asije akaonekana anajipendekeza.

Nimeisoma. Amesema kulikuwa na askari kumi na mmoja juu ya kilima, nami nikawapandishia sufuria ya wali. Mizinga ya Mjapani ilinitangulia kufika. Yeye alikuja alasiri na nyumbu wake, akanikuta nimepanga sahani kumi na moja, nimepakua zote, kila mtu mbele yake, nimekaa nao nawaambia wale kabla wali haujapoa. Amesema hakuniambia neno. Alikaa, akala sahani moja ili nikubali kuondoka. Kisha akanipandisha juu ya nyumbu.

Nimemrudishia. Nimemwambia mwandiko wake mbaya.

Nilikuwa nimefika nje ndipo nilipomkumbuka Mpenda Haki. Neno lake lolote lisiaminiwe. Shahidi wangu pekee duniani, na mimi nimemchinja kwa mkono wangu wa kushoto! Nimekimbia mpaka bandarini na koti likipepea. Ridhwani alikuwa amekwisha rudi, anaosha mashua. Amesema nisiwe na wasiwasi hata kidogo, barua ameitia yeye mwenyewe mkononi mwa Jaafar.

Jumatatu, 15 Machi

Amu. Daktari mpya ni bibi wa Kizungu, mwembamba, Jaafar anamfasiria. Gharib amekaa ubavuni mwangu, kaja na karatasi yake bila kuombwa. Juu ya meza kuna chai ya bibi na karatasi tatu. Ya Mwanamkisi, ya Gharib, na ya Mpenda Haki.

Jaafar ameisoma ya tatu polepole, kama khutba. Nilitazama dari. Gharib amecheka mpaka akakohoa. Amesema ni kweli tupu, nyumbu alichunga, na bao anashinda, hasa akicheza na Yunusi. Jaafar akaniambia kwa heshima kwamba Mpenda Haki amesahau kutia sahihi, na kama namfahamu nimwambie kwamba mkono wa kushoto unaandika herufi zile zile za mkono wa kulia. Bibi akauliza kama ni mimi. Nimekiri. Akauliza kwa nini nimharibie shahidi wangu mwenyewe. Nimemjibu kwamba siku ile alikuwa bado hajawa shahidi. Ameandika kitu kirefu.

Kisha akaniuliza habari za usingizi. Nilikuwa nimejizoeza ndani ya mashua kujibu mbaya. Nimefungua mdomo, nimesema njema. Gharib ameniwekea mkono gotini. Nimesema njema tena. Halafu nimesema, kumi na moja.

Sijui kwa nini. Bibi akauliza kumi na moja nini. Basi nimemtajia, mmoja mmoja, nani alipenda ukoko, nani aliomba chumvi, nani alikuwa akinitania kwamba wali wangu utamuua kabla ya Mjapani. Nimewataja wote. Nilipomaliza Jaafar alikuwa ameacha kufasiri, na chai ya bibi ilikuwa imepoa, hajaigusa. Nimemwambia anywe. Jaafar akamfasiria hilo. Amekunywa yote mpaka mwisho, na kunionyesha kikombe.

Jumatano, 31 Machi

Barua imekuja. Nimeshinda. Maneno ya daktari wa kwanza yametenguliwa, vita vimeniharibu akili, na nitapata pensheni. Mwanamkisi amesali rakaa mbili na kuichungulia barua. Amesema safari hii muhuri wangu ni mzuri.

Ishirini kwa mia.

Nimesoma mara nne. Ishirini. Gharib ana thelathini. Sahani nilipanga mimi. Wali ni wangu. Yeye alikula tu moja na kuvuta nyumbu, kisha anizidi kumi nzima?

Nimekwenda barazani kwake barua mkononi. Nimemweleza dhuluma hii wazi wazi. Nimemwambia napinga tena, na kwamba nataka aniandikie ushahidi mwingine, wa kuthibitisha mimi nimeharibika kuliko yeye, na akipenda aombe apunguziwe zake. Amesema vyema, Bwana Yunusi, ataandika kesho baada ya alfajiri, nimkumbushe tu asije akasahau lolote la kunifaa. Kisha amenipa mkono wa pongezi, na ameupa kwa furaha ya kweli, nimemchunguza.

Mtu gani huyu, hata wivu hana. Bila shaka ndizo zile kumi za wazimu alizonizidi.