Wakwe Niliowakagua Masikio

Sing'isi, Meru
Jumatano jioni

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Elimu ya Usharika wetu.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: SEMINA YA KUTAMBUA UONGO WA MTANDAONI NA MADHARA YALIYONIFIKA

Kwa majonzi mazito, na baada ya kushauriana na nafsi yangu, naitangazia Kamati yako kwamba simu yangu imefungiwa kabatini, kati ya sahani za wageni na birika lisilo na kifuniko, na kwamba ufunguo wa kabati hilo umefungwa kwenye pindo la kanga ya mke wangu. Mazishi hayatakuwapo. Salamu za pole zinapokelewa.

Mimi ni Sifaeli, baba Rachel, yule wa duka la vipuri vya pikipiki kule Daraja Mbili. Kanisani nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, kwa sababu ambazo Kamati inazijua. Utakumbuka kwamba mwezi uliopita mlimleta Mwalimu Tabea, ambaye kwa bahati mbaya ni mpwa wangu, atufundishe sisi wazee namna ya kutambua tovuti za matapeli na video zinazotengenezwa na akili mnemba. Alifundisha vizuri sana. Hilo ndilo lalamiko langu. Nalipanga kwa namba, maana mtu mwenye hasira akipanga kwa namba huonekana amefikiri.

1. Semina imeniachisha kazi. Kabla yake, mimi ndiye niliyekuwa nikiulisha ukoo habari. Niliwatumia video ya tembo anayeongoza magari pale Mnara wa Saa akiwa na kofia ya trafiki. Niliwatumia tovuti iliyokuwa ikigawa pikipiki bure kwa yeyote atakayesambaza linki, nami muuza vipuri niliisambaza kwa moyo wote, nikijua pikipiki zikija, vipuri vitafuata. Watu walinishukuru. Sasa Tabea ametufundisha kusoma anwani ya tovuti herufi kwa herufi, kutafuta nani mwenye nayo, ilianza lini, na kama kuna mahali mtu anaweza kwenda kugonga mlango. Nilipotuma ile ya kulala na kitunguu ndani ya soksi ili kuondoa sukari mwilini, mpwa wangu alinijibu mbele ya ukoo mzima: "Mjomba, shikamoo. Nani kaandika hii, na anauza nini?" Nikaenda kuangalia. Alikuwa anauza soksi. Tangu siku hiyo sina cha kutuma, na asubuhi zangu zimekuwa ndefu.

2. Semina imenifanya nione kasoro pasipo na kasoro. Binti yangu Rachel, wa mwisho na ndiye pekee aliyebaki nyumbani, alituletea habari ya kijana mmoja, Lerionka, daktari wa mifugo, Mwarusha wa Ngaramtoni. Wazazi wa kijana, kabla ya kuja kubisha hodi na asali yao kama desturi inavyotaka, walituma kwanza video fupi ya salamu ili tusishtukizwe. Baba mwingine angefurahi. Mimi nilivaa miwani.

Tabea alisema tutazame masikio, kwamba akili mnemba huyakosea. Nikayatazama masikio ya Mzee Lemburis, baba wa kijana. Ndugu Mwenyekiti, ndewe zilikuwa na matundu ya kupitisha kidole gumba, na ile ya kushoto ilikuwa imekunjwa na kutundikwa juu ya sikio lenyewe kama mkanda wa begi. Nikaandika: kasoro. Alisema pia tutazame kilicho nyuma ya mtu. Nyuma ya mzee palikuwa na mlima uliodaiwa kuwa Meru. Mimi Meru nauona kila asubuhi tangu nizaliwe, na kila mtu anajua umebomoka ubavu. Huu wa kwenye video ulikuwa mzima, umetulia kama chungu kilichofunikwa. Nikaandika: mlima si wenyewe. Mke wangu akapita nyuma yangu na mkungu wa ndizi kichwani, akachungulia, akasema, "Baba Rachel, hao wako upande wa pili wa mlima." Nikamwambia matapeli wote ndivyo wanavyosema.

3. Semina imenivunjia heshima mbele ya wakwe. Nilidai tuonane kwa simu ya video, kwani tulifundishwa kwamba sura ya uongo huvurugika mtu akigeuka au akipitisha mkono usoni. Wakapiga. Nikamwomba Mzee Lemburis, kwa adabu zote, ageuke kulia. Akageuka. Kushoto. Akageuka. Apitishe kiganja usoni polepole. Akapitisha, kisha nikamsikia akimwambia mtu wa pembeni, "Huyu mzee anaoza binti au ananunua? Ng'ombe wa mnadani hakaguliwi hivi. Sasa hivi ataniambia nifungue mdomo ahesabu meno." Nami, nisiseme uongo, meno nilikuwa nimeshayaandika kwenye karatasi.

Nikauliza ukoo wao ulianzishwa lini na mwenye nao ni nani. Akafikiri. Akasema, "Tarehe sina, baba Rachel. Ila naambiwa nyasi zilikuwa nyingi."

Halafu akaletwa kijana mwenyewe anisalimie. Kwa Waarusha, kama unavyojua, kijana hamtolei mzee macho. Huinamisha kichwa na kungoja mzee amguse utosini. Lerionka akaiinamia simu. Kioo kizima kikawa utosi. Jicho la kupepesa halikuwapo, mdomo haukuwapo. Nikangoja. Utosi nao ukangoja. Mke wangu akanifinya: "Mguse mtoto!" Nikamuuliza nitamgusaje mtu aliye Ngaramtoni, na isitoshe hii ni picha iliyoganda, yaani hata mtoto mdogo angeiona. Ndipo utosi uliposema, "Mzee, bado nipo."

Nikakata simu, kwa usalama.

4. Tuliambiwa habari ithibitishwe na vyanzo viwili visivyojuana. Nilipanda pikipiki hadi Ngaramtoni siku ya soko. Ndugu Mwenyekiti, Ngaramtoni hakuna vyanzo viwili visivyojuana. Niliyemuuliza kwanza alikuwa mpwa wa Lemburis. Wa pili alikuwa akila muhindi mmoja na yule wa kwanza. Nikampata mama muuza maziwa aitwaye Namnyaki, akaapa hana undugu nao, ni jirani tu. Nikatoa kalamu kwa furaha. Akasema, "Lemburis? Pale hata mbwa anabweka kwa adabu. Binti akiolewa pale, mama yake alale usingizi." Lakini Tabea alituonya kwamba habari inayogusa moyo upesi ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Hii ilinigusa. Nikaikata kwa kalamu, nikarudi nyumbani na maziwa.

5. Na sasa ubaya umenigeukia mwenyewe. Jumapili baada ya ibada Mzee Lemburis alimtumia mke wangu ujumbe wa sauti, kwa upole ambao ungemtoa nyoka shimoni: "Mama Rachel, sisi hatujakasirika. Ila vijana wetu wamekaa wakaijadili ile simu, wanasema yule hawezi kuwa baba wa kweli. Baba wa kweli angeuliza kama kijana anakunywa pombe. Huyu ameuliza habari za mlima. Tunaomba mtuthibitishie kwanza kama yupo, ndipo tuje."

Ugeni umesimama. Mke wangu ameichukua simu. Rachel ananiamkia kutoka barabarani, tena kwa ile "shikamoo baba" ya ofisini, kisha anapitia mlango wa jikoni. Juzi nimekula peke yangu na redio.

Kwa hayo yote naiomba Kamati mambo yafuatayo, nikiamini hayazidi uwezo wake. Mosi, iniandikie barua yenye muhuri wa usharika kwamba mimi nipo, kwamba nilibatizwa, na kwamba masikio yangu hayana matengenezo. Pili, semina hii isirudiwe, au ikirudiwa, watu wenye mabinti wazuiwe mlangoni. Tatu, Mwalimu Tabea aagizwe kunirudishia ujinga wangu katika hali ileile aliyoukuta. Ulikuwa mzuri, ulikuwa hauli wala haunywi, na haukuwahi kumkosesha mtu mchumba. Na kama Kamati inaona maombi haya ni mazito, basi ilete walau mtaalamu wa kuuhamisha mlima, utazamwe sawasawa kutoka pande zote.

Naishia hapa, kwani wino ungalipo ila taa inafifia. Wasalimie kwaya, hasa sauti ya nne ambayo huwa inamaliza wimbo baada ya wenzao. Msalimie mama Mchungaji. Msalimie mzee wa kengele. Msalimie na Tabea. Mwambie mjomba hana kinyongo, ana malalamiko tu.

Ni mimi, ninayesadikika kuwa,
Sifaeli Sumari

Tanbihi, Alhamisi mchana. Barua hii nilikuwa nimeshaikunja jana. Nimeikunjua kwa sababu mke wangu ameisoma yote, amecheka, halafu akaacha kucheka, akasema kilichobaki nikiandike mwenyewe, la sivyo atakiandika yeye.

Tabea hakutufundisha kukagua watu namna ile. Alisema wazi, na alirudia, kwamba maarifa yale ni ya mtu usiyemjua, aliye mbali. Mtu unayeweza kumfikia kwa miguu, nenda ukanywe naye chai. Nilisikia vizuri tu.

Tena Mzee Lemburis namfahamu. Masika ya mwaka juzi gari lililobeba mzigo wangu wa matairi lilizama kwenye tope kule kwao, na aliyetoka na maksai wake wawili kulivuta ni yeye. Hakukubali hata soda. Mimi siku hiyo nilikuwa tope tupu kuanzia nywele, ndiyo maana hakunikumbuka. Lakini mimi nilimtambua mara video ilipofunguka, kabla hajasema neno. Nikajua ni watu wema, na kwamba watu wema wakija hawarudi mikono mitupu.

Nilitaka wawe wa uongo, Ndugu Mwenyekiti. Mtu wa uongo unamfuta, na nyumba inabaki na watu wake.

Leo asubuhi nimeazima simu ya Rachel, nikampigia Mzee Lemburis, nikamwambia mimi ndiye yule wa matairi. Alicheka hadi akakohoa. Wanakuja Jumamosi, na usharika ukiwa na viti vya kutuazima, tutashukuru. Malalamiko yangu yote nayafuta, pamoja na lile la mlima.

Nilipomrudishia Rachel simu yake, aliishika bila kuondoka, akaniuliza kama sasa nimeridhika kwamba wale ni watu wa kweli. Nikamwambia nimeridhika, mwanangu, na hiyo ndiyo shida.