Stoo ya Kulelea Watoto

Jumamosi, 6 Septemba
Kongamano la wajitoleaji wa mtaa limekwisha. Desturi yetu: anayetoa pendekezo ndiye atakayelitekeleza. Kwa hiyo wenye akili hukaa kimya. Mimi nina akili zaidi! Nilimnong'oneza fundi cherehani, ambaye akiona kipaza sauti hajizuii, kwamba mtaa unahitaji chumba cha kulelea watoto, akina mama wapate nafasi ya kujitolea. (Kujitolea! Nataka kulala. Mwanangu, Bwana Mkubwa, ana miezi minane na usiku kwake ni mchana.) Fundi akahutubia, likapitishwa. Kisha, punguani yule, akashukuru kwamba wazo ni la dada yetu mpendwa aliyekaa nyuma na mtoto. Makofi. Nimepewa mimi. Katibu, Mama Pacha, aliandika jina langu huku anatabasamu.

Jumatatu, 8 Septemba
Tumaini la kulala bado lipo. Mpango: zamu. Mama mmoja analea, wengine huru. Zamu ya kwanza ya Mama Pacha. Yangu ya mwisho kabisa, labda Bwana Mkubwa atakuwa ameanza shule. Tumepewa stoo ya ukumbi. Nimeifagia na Bwana Mkubwa mgongoni. Baba yake kapita, kasema inapendeza. Ufagio hakuushika, ila kasema.

Jumatano, 10 Septemba
Mama Pacha kaja na upole wa kutisha. Eti pacha wana mafua, tubadilishane zamu. Nikamwambia pole, shoga, zamu ni zamu. Akasema haya, basi atakuja nao vivyo hivyo, wakae pua kwa pua na Bwana Mkubwa.
Tumebadilishana.

Ijumaa, 12 Septemba
Nilitegemea watoto wanne. Wamejaa stoo! Pacha wazima, hata kamasi hakuna. Mama yao kasema dawa imewakubali, akaondoka akipiga miayo. Mwizi wa usingizi!
Akilia mmoja, wote wanaitikia. Nimepiga ndoo, nimeimba, nimetambaa. Nimewaambia hapa hatuumani, nao wakaniheshimu kidogo. Mama mkwe akaleta uji, akakaa mlangoni. Nikajilaza mkekani kuwaonyesha watoto wazuri wanavyolala. Mfano tu.
Nilipozinduka, kimya. Wote wamelala. Pacha mmoja kashika sikio langu, Bwana Mkubwa anakoroma kwapani. Mama mkwe bado mlangoni, analinda, akaniambia lala, mwanangu, nipo. Nyuma yake Mama Pacha, simu mkononi, ananipiga picha.
Nimekwisha.

Jumamosi, 13 Septemba
Picha imeonyeshwa kwenye kamati. Mlezi kalala kazini! Nikajiandaa kulia kidogo, kwa heshima. Mwenyekiti akaitazama, akasema hajawahi kuona pendekezo lililotekelezwa namna hii: stoo nzima ya watoto, wote wamelala! Nimeteuliwa mlezi wa kudumu. Mama Pacha alipiga makofi kuliko wote. Atalala sana, yule.
Hata hivyo sina kinyongo. Jana nimelala kuliko mwezi mzima uliopita, na Bwana Mkubwa leo ananukia vizuri, maziwa na usingizi.
Ila walezi waongezwe. Kikao kijacho ni Jumanne. Mimi nitanyamaza kabisa. Nimeshamnong'oneza fundi cherehani, na safari hii ameniapia hatanitaja.