Sufuria ya Kuungia Mfupa wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe bado yumo kitandani mwangu. Mguu kwenye plasta, rimoti mkononi. Mimi na kochi tunajuana mpaka springi. Mke wangu kasema mfupa ukiunga, mama ataondoka. Basi uunge!

Kazini, nikiosha vyombo vya maabara (kwa majirani mimi ni mtafiti), bosi akapiga kelele za furaha. Kisahani cha seli za mfupa, kilichotiwa maji ya majani yanayoota uani pale kazini, kimegeuka chekundu. Eti wekundu ndiyo alama kwamba seli zinajenga mfupa. Nikauliza mgonjwa anywe kiasi gani. Akacheka. Akasema dawa hiyo ni ya kisahani, si ya kikombe. Kumfikia mgonjwa ni kazi ya miaka. Miaka! Yeye halali kwenye kochi.

Jumanne, 5 Machi
Nimechuma mfuko mzima wa majani yale. Bosi hutia tone, lakini kisahani chake ni kama kifuniko cha chupa. Mama mkwe si kifuniko. Nimepiga hesabu: sufuria.

Jumatano, 6 Machi
Nimeyachemsha. Mama kaonja, kaniuliza, "Baba, nimekukosea nini?" Nikamwambia ni sayansi. Akasema shemeji yangu, mwanawe wa dhahabu, humletea maziwa, na maziwa hayahitaji hotuba. Nikaapa kesho atasimama. Akanywa yote, ili apate la kunisuta.

Alhamisi, 7 Machi
Kasimama! Kusimama gani? Kakimbia! Tumbo limemwendesha, plasta ko-ko-ko sebuleni hadi chooni. Nikampigia makofi. Mke wangu hakuiona sayansi. Aliniambia nipishe njia. Safari ya tatu, mama akateleza mlangoni.

Jumamosi, 9 Machi
Plasta mbili. Daktari kasema mama hatoki hapa mpaka miguu yote iunge. Choo ataletewa kitandani. Mke wangu ameshamteua mletaji. Shemeji alikuja, akakaa kwenye kochi langu, akaniita profesa. Mama akamwambia aniache, bado najifunza. Wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Jumapili, 10 Machi
Nimefikiri tangu asubuhi. Uliovunjika Alhamisi ni mguu wa pili. Ule wa kwanza, mbovu, ulimbeba mpaka chooni mara tatu bila kulalamika! Maana yake dawa ilifika mguu mmoja tu. Kumbe nilimpunja. Jirani amekubali kuniazima ndoo.