Kifurushi cha Kuongeza Sita

Jumatatu, 2 Juni

Nimekwisha! Idil wa Donholm, katibu wa kamati ya Tausi, lugha yetu ya kuandikia programu, ametangaza kikao Ijumaa. Vifurushi vidogo vidogo vya programu vinavyostahili vitaingizwa kwenye maktaba ya msingi, vije na lugha yenyewe, watu wasihangaike kuvipakua kimoja kimoja. Ametaja mfano mmoja. Changu!

Kinageuza saa zetu kuwa za kompyuta: saa mbili asubuhi inakuwa 8:00. Kinaongeza sita, basi. Mistari minne, mmoja ni jina langu. Kila anayekipakua analiona: NZIVO. Mzee Mutunga, baba yake Mwelu, alionyeshwa jina hilo ndipo akakubali nije Jumapili tuzungumzie ndoa. Likifutwa, mimi ni nani?

Jumanne

Mwelu anasema nimwambie tu baba yake ukweli, kwamba ni mistari minne. Hamjui baba yake, huyu!

Wanataka vidogo? Nimekinenepesha changu. Mistari mia nne! Kinakagua saa, kinaikagua tena, kinasalimia. Nimekiachilia mtandaoni bila kukijaribu, kabla Idil hajashtuka.

Jumatano

Wuui! Kasiva, msimamizi wa ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa mtaa wa Pipeline, ana programu ya kututumia ujumbe maji yakifunguliwa saa mbili asubuhi. Kumbe inatumia kifurushi changu. Leo ujumbe umefika saa nane mchana. Ploti nzima imekimbilia mfereji na mitungi. Mkavu! Maji yalikuja yakaenda zake, na mengine ni mpaka Jumamosi.

Nimeangalia nilichoandika. Nimeongeza sita mara mbili. Nikashuka na mtungi wangu, nikalalamika kuliko wote.

Alhamisi

Kasiva ameapa akimpata aliyefanya hivi atamfulisha nguo za ploti nzima kwa mate yake. Nimetia komeo. Kila anayepanda ngazi nadhani ni yeye. Nikirekebisha leo, jina langu litapanda juu kabisa kwenye orodha ya mabadiliko, Kasiva alione. Naogopa. Nimeacha.

Ijumaa

Kikao, kwa mtandao; komeo sijalitoa. Opicho wa Kariobangi, mwanakamati, alisema maktaba ya msingi si stoo ya kila kikorokoro; kitu kikishaingia hakitoki, hata kikioza. Nilimpenda kama ndugu. Kisha Idil, ambaye habari za mfereji wetu zilishamfikia, akauliza, kwa upole wa kutisha, kama ni haki maji ya watu yamtegemee mtu mmoja aliyejifungia nyumbani. Kura zikapigwa. Kimeingia, kwa mstari mmoja, bila jina la mtu. Idil akanishukuru kwa kuwapa mfano mzuri.

Jumapili, 8 Juni

Kwa Mzee Mutunga. Nilikuwa nimeamua kusema ukweli wote, haki ya Mungu. Akanitazama juu ya miwani, akauliza kazi inaendeleaje. Nikasema kamati imenipandisha cheo, lugha nzima sasa inanitegemea. Akafurahi, akaita majirani. Mwelu aliinuka akaenda jikoni, hakurudi.

Mzee anataka kuonyeshwa jina langu tena wiki ijayo. Hakuna shida. Nina kifurushi kipya kinachokuambia kama leo ni Jumapili. Mistari miwili tu, lakini nimeshakifikisha mia sita. Nimekiachilia tayari. Kukijaribu, tutaona.