Kuhusu Kuwekwa Mkiani kwa Kliniki Yetu ya Maumivu

Klempton, Wisconsin
9 Aprili

Kwa Mhariri,
Mwongozo wa Madaktari Wanaoomba Mwaka wa Ubingwa wa Tiba ya Maumivu

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima na mgongo wako haujambo. Wangu ndio ulionileta kwenu.

Jina langu ni Arlette Dombrowski, mjane, mstaafu wa kiwanda cha jibini, na mgonjwa wa kila Alhamisi katika kliniki ya maumivu ya hospitali ya hapa mjini. Wiki iliyopita, nikisubiri kuitwa, niliokota toleo lenu jipya katikati ya majarida ya uvuvi. Nikaona mmelinganisha hospitali zote zinazompokea daktari kijana kwa mwaka mmoja asomee maumivu, mkazipanga kuanzia iliyo bora. Nikaitafuta yetu. Nikafunua, nikafunua, mpaka nikafika kwenye tangazo la viatu. Tulikuwa juu yake tu, wa mwisho kabisa.

Hili si suala la fahari. Mwaka huu hakuna mwombaji hata mmoja aliyetutaka. Daktari tuliye naye, Naomi Ostrander, anamaliza mwaka wake Juni na anakwenda Arizona. Asipokuja mwingine, kliniki ya Alhamisi itafungwa, nasi tutakuwa tunapelekwa Madison kwa gari, mwendo wa saa mbili, tumekaa mkao ule ule unaotuua. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mmeisifu hospitali moja ya mashariki kwa sababu kila mwanafunzi wake huchoma sindano nyingi mno. Mbona hamkusema zinachomwa wapi? Haziingii hewani, Ndugu Mhariri, zinaingia kwa watu. Shingo ya jirani yangu Elroy Tibbets imefundisha madaktari wengi kuliko profesa yeyote wa hapa, lakini kwenye orodha yenu ya walimu haimo. Naomba iwekwe, na mgongo wangu uwekwe juu yake kwa kuwa una miaka mingi zaidi kazini.

2. Mmewapa watu wa California nyota tano kwa ajili ya ufuo wa bahari. Hebu niambie, mtu anasomea maumivu gani ufukweni? Sisi tuna barafu miezi mitano. Watu wanaanguka kila asubuhi bila kusukumwa na mtu. Kiuno, nyonga, kifundo cha mguu, chochote anachotaka kijana kujifunza kinamfuata mlangoni. Halafu mmeandika kwamba jioni hapa hakuna cha kufanya. Ijumaa kuna samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa kanisa, na ukichelewa hupati. Hilo mlilikagua?

3. Mmechapisha maneno ya mtu asiyejitaja kwamba "wagonjwa wa Klempton wanaongea mno." Najua ananisema mimi. Kila Julai anapoingia daktari mpya, anashika kalamu na kuniuliza, "Mama, maumivu yako ni ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi?" Nami namuuliza, "Kabla au baada ya kuongea na wifi yangu?" Ni swali la kitaalamu. Kisha anataka nianze upya kumweleza lile tofali la jibini nililolinyanyua likanivunja kiuno. Kwa kusimuliwa kila mwaka, tofali lenyewe lilianza na kilo ishirini na sasa halipungui hamsini. Elroy ameniambia mbele za watu, "Arlette, mwakani utatuambia ulimnyanyua ng'ombe mwenyewe." Nikamwambia anyamaze, shingo yake kama bomba la maji. Watu walicheka mpaka nesi akatoka kutuangalia.

4. Kwa sababu hizo, naomba waombaji wasihojiwe tena na maprofesa. Waje wahojiwe na sisi, kwenye viti vyetu vya plastiki, asubuhi nzima bila kuinuka. Atakayesema viti ni vizuri, akasomee tiba ya macho. Atakayeinuka ameshika kiuno, apewe nafasi siku hiyo hiyo.

5. Kama hilo haliwezekani, basi Daktari Ostrander afelishwe. Nimeshamwandikia mkuu wake, Profesa Fairbairn, nikamweleza kwa nia njema kabisa kwamba binti huyu hajui lolote na arudie mwaka. Wagonjwa wote wa Alhamisi walitia saini. Profesa akanipigia simu. "Bi. Dombrowski, si wewe uliyeniletea keki ukimsifu?" Nikamjibu kwamba ile keki niliiharibu makusudi. Hakuniamini.

6. Hili la sita si lalamiko, ila sijui niliweke wapi. Huyu binti hakuanza na sifuri mpaka kumi. Aliniuliza, "Ni kitu gani ulikuwa unafanya, na sasa huwezi?" Nikamwambia ni kusimama mezani nikitengeneza pierogi za Mkesha wa Krismasi, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi. Tangu afariki mume wangu Casimir nilikuwa nakula za dukani. Akanichoma sindano, akanifundisha namna ya kusimama, akanichoma tena. Desemba nilisimama mchana kutwa. Nilikanda unga, nikajaza viazi, nikalia sana, wala si mgongo ulioniliza. Kwenye majedwali yenu sikuona safu ya jambo kama hilo. Naogopa kurudi kwenye za dukani.

Basi naomba toleo lijalo mtuweke wa kwanza. Mkituweka wa pili nitakata rufaa.

Wasalimie wote hapo ofisini, na yule anayegawa nyota mwambie sina kinyongo naye, ila asipite huku. Elroy naye anakusalimu. Kuinamisha kichwa hawezi, lakini nia anayo.

Wako kwa heshima na kwa maumivu,
Arlette Dombrowski

Tanbihi: Nikiwa natafuta stempu, Daktari Ostrander amenipigia. Kwa kuwa hakuna mwanafunzi aliyetaka kuja, hospitali imelazimika kuajiri daktari kamili wa Alhamisi, na aliyekubali ni yeye. "Arizona nimewaambia basi," amesema. "Angepatikana mwombaji hata mmoja, Bi. Dombrowski, saa hizi ningekuwa nafunga mizigo." Imebidi nikae kidogo hapa jikoni. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba ufute yote ya hapo juu. Kijana yeyote akikuuliza habari zetu, mwambie mabaya yote unayoweza kubuni, na ukiishiwa niambie nikuongezee. Mwakani mtuache palepale mkiani. Nikisikia mmetupandisha hata nafasi moja, nitaandika tena.