Ramani ya Dar es Salaam na Kahawa ya Mzee Simbeye

Leo nimeadhirika. Nawaandikia barua hii nikiwa nimejifunga shuka, na suruali yangu pekee ya kwendea ugenini inachuruzika maji kwenye kamba. Nyinyi walimu wenzangu wa Vwawa mtaisikia habari hii sokoni kesho kutwa, na watu wa soko huongeza chumvi. Heri muipate kwangu kwanza, ingawa mimi nami nitapunguza kidogo (nisameheni).

Mnajua kwamba tangu Juni hapa kijijini Ruanda naitwa Mwalimu wa Hewa. Bwana shamba akimaliza kusoma gazeti lake la Kiingereza hunipa mimi, na ukurasa wa mwisho kuna ramani ya hali ya hewa ya Dar es Salaam, yenye mistari iliyojipinda na mishale ya upepo. Nikaanza kuwasomea watu baada ya ibada. Nikisema leo hakuna mvua, kweli hainyeshi. Juni, Julai, Agosti, Septemba, sikukosea hata siku moja! Najua mnacheka, maana Mbozi miezi hiyo hainyeshi hata ukilia. Wao pia wanajua. Lakini kuisikia kutoka kwenye karatasi iliyopigwa chapa kuliwapendeza, na niseme kweli, mimi kulinipendeza zaidi.

Aliyependezwa kuliko wote ni Mzee Simbeye, baba yake Tabitha. Posa yangu iko kwake tangu mwezi uliopita, na jibu aliahidi kulitoa kesho Jumapili, tukitoka kanisani. Kwa hiyo leo asubuhi aliponiita nilikwenda mbio, gazeti kwapani.

Mzee alikuwa na shida moja. Kahawa yake ya mwisho ya msimu ilikuwa imeanikwa uani kwenye mikeka miwili mikubwa, imebakiza jua la siku moja tu ipelekwe chama cha ushirika kuuzwa. Yeye na mkewe na Tabitha na watoto wengine walikuwa wanakwenda Mbozi Mission kwenye sikukuu ya mavuno, kwa sababu Tabitha anaimba kwaya. Alitaka kujua: kahawa aiache nje au aiingize ndani?

Hapo ndipo nilipopaswa kusema sijui. Neno fupi, halichoshi mdomo. Badala yake nikalikunjua gazeti gotini, nikakunja uso kama daktari, nikaifuata mistari kwa kidole. Dar es Salaam: jua, upepo mwanana kutoka baharini. Sisi hatumo kwenye ramani hiyo. Inaishia Morogoro, na mahali ambapo Mbozi ingekuwapo pana tangazo la sabuni. Lakini nilishajiwekea kanuni yangu zamani, kwamba pasipo na alama hapana mvua. (Gazeti lenyewe lilikuwa la Jumatatu. Hilo sikulitaja.)

"Jua mpaka jioni, baba," nikasema.

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa jiko. Ilikuwa ya mama yake Tabitha. Sasa, desturi ya nyumba ile mnaijua: mimi na mama mkwe hatutazamani wala hatusemezani, na tukikutana njiani mmoja wetu anaingia majanini. Akiwa na neno nami humwambia mtu mwingine, nami najifanya nimelisikia kwa bahati.

"Tabitha," akasema, "mwambie mgeni wa baba yako, upande wa Mbebe kumekuwa kweusi tangu alfajiri."

Nikamwambia Tabitha amwambie mama kwamba ramani haina wingu hata moja. Tabitha, aliyesimama katikati yetu na aliyejua kwamba sote tunasikiana, aliyarudia maneno yangu huku akitazama miguu yake. Mama akamwambia Tabitha aniambie kwamba yeye hajui kusoma, ila hiyo kahawa ameichuma kwa mikono yake. Mzee akakata shauri: mwalimu amesoma, kahawa ibaki nje. Nami kwa kiherehere changu nikajitolea kubaki niilinde na kuigeuza. Nilitaka nionekane mkwe wa maana.

Wakaondoka wote, isipokuwa mama. Alisema kichwa kinamuuma. (Kilichomuuma ni kahawa.)

Basi fikirieni wenyewe. Uani tumebaki watu wawili, na ndio hao hao wasiotakiwa kuonana. Nikakaa kwenye kigoda, nikaupa mlango wa jiko mgongo. Yeye akitaka kutoka kuchukua kuni anakohoa, nami nainamisha kichwa. Mimi nikitaka kwenda kugeuza kahawa nakohoa, naye anarudi ndani. Tulikohoana hivyo asubuhi nzima, hata mpita njia mmoja akatupa pole kutoka barabarani.

Ilipofika saa saba mchana kivuli kikapita juu ya gazeti. Nikajiambia ni wingu la kupita. Tone la kwanza likaangukia Dar es Salaam. La pili likaangukia sabuni. Halafu ikashuka mvua yote iliyokuwa imekaa huko juu tangu Mei!

Nikasahau kukohoa. Nikarukia ncha ya mkeka wa kwanza nikavuta, haukusogea, kwa kuwa mkeka ule hubebwa na watu wawili. Kutupa jicho upande wa pili, naona mikono imeushika. Mama! Alikuwa amejifunika kanga kichwa kizima ili asinione. Nami, kwa adabu, nikajifunika uso kwa gazeti, nikalibana kwa meno. Sasa tukawa vipofu wawili tumebeba kahawa ya Mzee, na hakuna mwenye ruhusa ya kumwambia mwenzake twende wapi. Yeye akavuta kuelekea jikoni, mimi nikavuta kuelekea nyumba kubwa. Tukavutana. Mkeka ukachanika katikati, kahawa yote ikamwagika topeni, nami nikaenda chali juu yake.

Mkeka wa pili hatukuthubutu kuubeba. Tuliukunja juu ya kahawa yake tukaukalia, mmoja huku na mwingine kule, upepo usije ukaufunua. Mvua ya mawe ilipoanza tukajifunika kipande cha ule uliochanika, sote wawili, vichwa pamoja. Kanga ilishapeperuka. Gazeti lilishageuka uji, na wino wake umeganda shavuni mwangu. Namtazama mama mkwe wangu uso kwa uso kwa mara ya kwanza, naye ananitazama, na hakuna pa kukimbilia.

Hivyo ndivyo tulivyokutwa. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameona mawingu mapema akaifunga sikukuu (yeye hana gazeti), kwa hiyo mvua ilipokatika tu, Mzee, Tabitha na nusu ya kwaya walikuwa tayari wanaingia uani. Wakasimama. Tabitha akaziba mdomo kwa mkono. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na kwa lile tope lilivyokuwa ilibaki kidogo tu.

Mama akafunua kipande cha mkeka. Akasema, na safari hii hakumtuma mtu:

"Mwalimu, hiyo Dar es Salaam iko mbali?"

Nikajibu kwamba ni mbali sana, siku nne kwa lori na treni.

"Basi huko leo kuna jua," akasema. "Gazeti halikusema uongo."

Kwaya ikacheka kwa sauti zote nne.

Mzee Simbeye hakucheka. Alichuchumaa topeni, akaokota punje chache, akazipangusa kwenye koti lake, na moyo wangu ukaniuma kweli, kwa sababu ile ni kazi ya mwaka mzima. Akasema jibu la posa halitatoka kesho. Litatoka siku kahawa hii itakapokuwa imeoshwa na kukauka upya, na kuosha na kukausha ni kazi yangu mimi. Nikakiri kwamba habari za jua mimi sijui, nikauliza kwa unyenyekevu inaweza kuchukua siku ngapi. Akaanza kunijibu, kisha akamgeukia mkewe.

"Nitamwambia mwenyewe lini aanike," mama akasema. "Tumeshaonana."

Kwa hiyo, wenzangu, vicheko vyenu viwekeni kwanza. Kuoa kwangu sasa kunalingoja jua la Mbozi, na leo nimekiri mbele ya kwaya nzima kwamba sijawahi kulisoma.