Nyumba ya 1909 na Banda la Kuku la Anselmo

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimeficha mambo mawili. La kwanza naliandika leo: ile 1909 iliyochongwa juu ya mlango wangu niliichonga mimi, mwaka 2007, kwa patasi ya kuazima. Mbao zote zinazoonekana nje ni zangu pia. Nilizipigilia juu ya ukuta wa saruji. La pili linataka ujasiri. Lisubiri.

Nina miaka themanini na minne, na moyo unaokatika-katika kama robot mbovu, zile taa za magari za makutanoni. Daktari hakutaja tarehe. Alinishika bega tu.

Binti yangu Fiona ameniandalia chumba kwake Westville, karibu na choo, chenye vyuma vya kushikilia. Nyumba itauzwa. Mnunuzi anakuja Jumatatu ijayo. Atabomoa, ajenge maghorofa. Mimi nataka kufia hapa Bluff, Durban, nikisikia bahari, na nikimsikia jirani yangu Anselmo akigombana na kuku wake. Fiona amesema, Baba, kwako hata ambulensi haipandi. Ndiyo maana napapenda.

Mpango! Jengo lililopita miaka sitini halibomolewi bila kibali. Nimewapigia simu watu wa majengo ya kale. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Nina siku nne za kuizeesha nyumba. Mimi nimezeeka bila msaada wowote, nyumba itashindwaje?

Jumanne, 6 Mei

Nyuzi za kusugulia sufuria, zilizolowekwa kwenye siki tangu Jumamosi. Kwanza unapaka chai ya rangi, halafu ile siki. Mbao zikaiva, nyeusi kama za karne iliyopita. Mikono yangu pia. Na nusu ya kipara.

Anselmo akachungulia juu ya ua. Ni fundi seremala mstaafu, mtu wa Mbinga, mshindani wangu kwa miaka ishirini na minane. Akauliza kama natia nyumba achari. Eish, mwalimu, akasema, ila umesahau pilipili. Msomi hajibizani na mtu aliyekumbatia kuku.

Jumatano, 7 Mei

Zamani nyumba hizi za mbao na mabati zilikuwa za mapumziko tu. Watu wa bara walishuka kwa treni kila Desemba kuoga baharini. Upepo ulipopenya mbaoni, walibandika magazeti ukutani. Leo nimepata gazeti la 1912 katika duka la vitu vya kale, Overport! Ukurasa mzima wa mashindano ya farasi. Nimelisokomeza nyuma ya mbao, ncha ikichungulia kidogo. Kazi safi.

Kisha nikatazama uwanja kwa jicho la mkaguzi. Aibu! Banda la kuku la Anselmo, mbao chakavu, kioo chekundu kimoja, nusu yake kwenye ardhi yangu tangu 1997. Nimemwandikia barua, nakala mbili: aliondoe kabla ya Ijumaa.

Alhamisi, 8 Mei

Nilijiandaa kwa vita. Anselmo akaja na barua mfukoni, akasema mgonjwa akiomba kitu apewe. Akawaita Dominiki na Nzeyimana wa kwaya yao. Wakaliinua banda zima, kuku wakilalamika ndani, wakaliweka upande wake. Ushindi wangu mkubwa tangu nistaafu! Nimelala mchana kutwa.

Ijumaa, 9 Mei

Mkaguzi ni Coletha. Nilimfundisha historia chuoni! Akaniamkia kwa adabu zote. Nikajua tumeshinda.

Akapitisha mkono ukutani, akanusa vidole, akauliza, mwalimu, mnapika nini humu? Nikamwongoza kwenye gazeti. Nikajifanya kushtuka. Akalivuta taratibu, akasoma, macho yakamtoka. Halafu akaligeuza.

Nyuma palikuwa na tangazo la simu za mkononi, kwa malipo ya mwezi. Gazeti la ukumbusho. Limechapishwa upya.

Coletha akasema polepole kwamba mimi ndiye niliyewafundisha kugeuza karatasi. Kweli. Nilisema hivyo kila wiki, miaka yote niliyofundisha. Akagonga ukuta kwa kidole. Saruji. Akatoka nje kucheka kwa heshima.

Ghafla nikasikia yowe lake uani. Banda la kuku! Mbao za kuingiliana, nakshi za ukingo wa veranda zilizokatwa kwa msumeno wa mkono, kioo chekundu cha mlango wa mbele. Na chini ya ubao mmoja, kwa penseli ya seremala: Desemba 1909. Angalau tarehe niliipatia.

Coletha akamuuliza Anselmo amevitoa wapi vitu hivyo. Anselmo akanitazama. Akasema aliokota. Na hapa ni kiwanja cha nani? Changu, akasema yule mkweli, tangu jana.

Coletha akapiga picha, akaandika, akakataza mtu yeyote kulisogeza. Banda lingekuwa bado upande wangu, akasema, mnunuzi asingegusa kitu kwa miaka miwili. Miwili! Mimi hata mmoja ungenitosha. Nikakaa juu ya ndoo.

Jumapili, 11 Mei

Mnunuzi ni kesho. Lakini nimepata mpango, mzuri kuliko yote.

Anselmo alipotoka misani aliniletea sambusa. Nikamwomba keekee yake ya kutobolea mbao, ile ncha nyembamba. Nikamweleza: vitundu kila mahali, unga kidogo chini yake. Mnunuzi ataona mchwa, atakimbia.

Akauliza kama mtu anayekuja kubomoa anajali mchwa. Tena katika nyumba ya saruji. Nikamwambia asiharibu mpango mzuri kwa maswali.

Akasema chumba chake cha nyuma kiko wazi. Bahari inasikika, na dirisha linatazama banda. Hata kesho nihamie, tugombane kwa karibu. Nikasema nitafikiria, nikimaliza matundu.

Akanipa keekee. Halafu akasema: mchwa tena, mwalimu?

Kumbe anajua. Ndiye aliyeokota zile mbao mwaka 1997, moja moja. Mke wangu Nyanchama aliipenda ile nyumba ya mbao iliyokuwa hapa kuliko kitu chochote Durban. Alikuwa akienda bandani, anagusa kioo chekundu, anawalaani mchwa walioila nyumba yake. Anselmo alikuwa akimwaga pumba tu, kimya. Marehemu Nyanchama alikufa akiwachukia mchwa. Naye mwenzangu mmoja wa chuoni alikuwa ameniuliza, Krismasi ya 1996, tutatoka lini kibandani tuhamie nyumba. Basi. Hilo tu.

Nimetoboa matundu kumi na saba. Jambo la pili ni hili: ile nyumba ya mbao niliibomoa mwenyewe. Hapakuwa na mchwa hata mmoja.